Mstari Mwekundu wa Solgogae

Kijiwe cha Solgogae, kijiji cha milimani huko Korea, ni benchi moja la mbao mbele ya duka la Mama Yeon-ju, pale barabara ya kupandia mlimani inapokunja kona. Asubuhi hiyo ya Januari, siku ya nne tangu mabomba ya kijiji yakauke, wenye benchi lao walikuwa wamewahi kuliko kawaida. Kila mtu alikuwa na ndoo tupu miguuni na kikombe cha karatasi mkononi, kahawa ya pakiti, ile yenye maziwa na sukari humohumo, iliyochemshwa kwa maji ya chupa ambayo Mama Yeon-ju alikusudia kuyauza. Mbele yao mlima ulikuwa wa kahawia mtupu kama mgongo wa ng'ombe, isipokuwa utepe mmoja mweupe uliopita katikati. Huo ndio mteremko wa skii. Kandokando yake mizinga thelathini ilikuwa ikinguruma na kutema theluji, kama ilivyofanya usiku kucha.

Ma Gil-seop alikaa mwisho wa benchi. Alikuwa ametoka zamu alfajiri ileile, na ukungu wa mizinga ulikuwa umemgandia kwenye nyusi. Majira ya baridi ishirini na matatu alikuwa akiwasha mizinga ya kampuni ya mteremko, ndiyo maana kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, kilimwita Mzinga. Kwa kawaida alikuwa mtu wa maneno. Siku hiyo alikuwa akikitazama kikombe chake.

Aliyekuwa akizungumza ni Bang Chun-sik, dereva wa teksi mstaafu, ambaye waliamua kumwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Redio alishikilia kwamba maji ya mto yanauzwa. Alisema ameona lori la tangi likipanda juu saa kumi na moja jioni na kushuka saa mbili, na lori haliendi matembezi.

— Haba na haba hujaza kibaba, akamalizia. Wanatuibia kidogokidogo mpaka mto umeisha.

— Hiyo methali ni ya kuweka akiba, alisema Mama Yeon-ju. Siyo ya wizi.

— Kwani mwizi haweki akiba?

Mama Yeon-ju naye alikuwa na lake. Yeye alisikia kwamba kwenye maji ya mizinga hutiwa dawa ili yagande upesi. Dawa hiyo ikizama ardhini, alisema, inaziba mishipa ya chemchemi, na ndiyo maana kisima cha kijiji kimekauka ilhali mto bado una maji. Alisema hivyo kwa uchungu wa mtu ambaye riziki yake imefungwa kwenye mteremko huohuo: nusu ya duka lake ni suruali na glavu za kukodisha kwa wageni wa skii, na tangu mvua ya Desemba zilikuwa zimening'inia bila kuguswa.

Ile mvua ndiyo iliyoharibu kila kitu. Desemba, katika miinuko ambayo watu wa Solgogae wamezoea theluji ya magotini, mvua ilinyesha siku tatu na kuusafisha mteremko mpaka udongo ukaonekana. Baridi iliporudi baada ya mwaka mpya, kampuni ilikuwa na siku chache tu za kutengeneza upya mlima mzima, na mizinga haikuzimwa tena.

Hasara ya mvua hiyo iliyokuwa karibu zaidi na benchi ilikuwa ya Tak Jong-guk. Tak alikuwa mkubwa wao, miaka sitini na sita, mkausha samaki kama baba yake. Samaki wa Solgogae hutundikwa kwenye vichanja majira yote ya baridi. Wanaganda usiku, wanalegea mchana, mpaka nyama inakuwa ya manjano na nyepesi kama pamba. Walimwita Mkavu, kwa samaki wake na kwa uso wake. Mwaka huo alitundika samaki elfu thelathini. Joto na mvua vikawakuta wabichi, vichwa vikaanza kudondoka kimoja kimoja, na Mkavu na mkewe wakawashusha wote kwa siku mbili na kuwafukia shambani.

— Mizinga ndiyo iliyofukuza baridi, alisema Mkavu. Baba yangu alitundika miaka arobaini hajapoteza kichanja. Imekuja mizinga, inatoa mvuke kila siku. Mvuke ni joto. Unapanda juu, mbingu inapashwa kama sufuria. Sasa ushangae nini?

— Kaka, mvuke ule ni maji baridi, Gil-seop alisema, karibu kwa kujisahau.

— Wewe unalipwa useme hivyo.

Redio alikuwa ameshapata upepo. Akasema hata ile mvua haikuwa ya Mungu, ilimwagwa na ndege za wanaounda mizinga, ili wauze mingine. Na nyuma ya hao kuna mpango mkubwa zaidi: kijiji kikishakosa maji watu watahama wenyewe, bonde litajazwa bwawa, kisha wenye fedha wa Seoul wajenge nyumba kuzunguka bwawa. Ramani ipo, alisema, ila hajaiona. Halafu, kwa kuwa alikuwa na pumzi imebaki, akaongeza:

— Ndiyo mambo ya samaki mmoja akioza.

Mkavu aliweka kikombe chini taratibu.

— Rudia.

— Kaka, ni methali tu.

— Nimefukia samaki elfu thelathini. Rudia mbele yangu.

Redio hakurudia. Mama Yeon-ju akawaongezea kahawa wasiyoiomba.

Gil-seop alijua kwa nini maneno yao yanazidi kupotea njia, na kujua huko kulikuwa kumemlemea tangu mabomba yakauke. Miaka tisa nyuma, kijiji kilipohuisha mkataba wa kampuni kuchota maji ya mto, mwenyekiti wa kijiji, mzee Eom, aling'ang'ania sharti moja. Kwenye ukuta wa zege wa banio, kile kizuizi cha maji mtoni, pale pampu inapochotea, uchorwe mstari mwekundu. Maji yakishuka chini ya mstari, pampu inazimwa, hata mteremko ukibaki na vumbi. Kinachopita juu ya banio ndicho kinachojaza kisima cha kijiji huko chini. Mstari ulionekana kutoka darajani, na kwa miaka tisa yeyote aliyepita darajani alikuwa mlinzi.

Jana yake wote walikuwa wameshuka darajani kuangalia. Maji yalikuwa juu ya mstari, kwa kidole kizima. Kwa hiyo kampuni haikuwa imevunja neno. Kwa hiyo maji yapo. Kwa hiyo yamekwenda wapi? Mtu akiona kwa macho yake kwamba maji yapo, halafu akifungua bomba anapata hewa, atatafuta lori la tangi, na dawa, na ndege.

Lakini mstari ule haukuwa pale ulipochorwa. Siku ya pili ya baridi, saa nne asubuhi, meneja Pyo alimwita Gil-seop na kumkabidhi makopo mawili ya rangi, nyekundu na ya kijivu. Alisema barafu imekwangua alama, inabidi ihuishwe. Kisha akamwonyesha kwa kidole mahali pa kuihuisha, shubiri mbili chini ya ilipokuwa. Gil-seop aliuliza mara moja tu. Pyo, kijana wa miaka thelathini na tano mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimjibu kwamba ni kwa siku tano, na kwamba mikataba ya vibarua itaangaliwa mwezi wa tatu. Gil-seop akavaa buti ndefu akaingia majini. Na kweli iliyomuuma zaidi si kwamba aliogopa. Alitaka mteremko upone. Alikuwa ameutengeneza kwa mikono yake kila mwaka, na kuuona umevuliwa nguo na mvua kulimuuma kama kumwona mgonjwa wa nyumbani kwake.

Kutoka barabarani akatokea Gu Mi-ran na ndoo mbili. Mwanamke huyo alikuwa ameendesha mabasi ya mji wa Incheon miaka ishirini na saba, na alipostaafu mwaka uliopita alinunua nyumba iliyoachwa tupu karibu na daraja. Kijijini walimwita Dada wa Incheon. Alisalimia, akauliza kama kuna habari za maji, akapewa kahawa na kusogezewa nafasi. Redio alimsimulia yote kuanzia lori hadi ramani. Mi-ran alisikiliza kwa adabu ya mtu aliyezoea kusikia abiria.

Ndipo Redio alipokumbuka jambo jingine. Wiki iliyopita, alisema, alimwona mzee Eom mjini akila nyama ya kuchoma na meneja Pyo. Nyama ya ng'ombe. Wamekaa ndani kabisa, mbali na dirisha.

— Sasa hiyo umeificha kwa nini siku zote? aliuliza Mama Yeon-ju.

— Sikujua maana yake. Leo nimejua. Yeye ndiye mwenye mkataba. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mzee ameinama.

Safari hii hakuna aliyemsahihisha methali. Gil-seop aliona nyuso zikibadilika. Siku nne za kuchota mtoni maji ya choo kwa ndoo, za kuyeyusha barafu chafu ya barabarani kwa ajili ya ng'ombe, za kumwosha mama mgonjwa kwa kitambaa chenye unyevu, zilikuwa zimepata mtu wa kubebeshwa. Mama Yeon-ju alikumbuka kwamba Eom amebadilisha paa majuzi. Mkavu hakukumbuka chochote. Alisimama, akavaa glavu.

— Twende tukamuulize.

— Kaka, ana ugonjwa wa moyo yule, Gil-seop alisema. Ana miaka sabini na minne.

— Na mimi nina vichanja vitupu. Atanijibu nikiwa nimemshika shati.

Redio naye alisimama. Mama Yeon-ju alikuwa tayari anafunga mlango wa duka. Gil-seop alijua njia ya kwenda kwa Eom ni dakika sita, na kwamba Mkavu si mtu wa kurudi katikati. Aliendelea kukaa.

— Mstari niliushusha mimi, alisema.

Hawakumwelewa. Ikabidi aseme tena, na aeleze rangi, na shubiri mbili, na siku. Alieleza kila kitu huku akitazama ndoo. Alipofika kwenye rangi ya kijivu aliyopaka juu ya mstari wa zamani, kahawa ya Mkavu ilimpata usoni. Haikuwa ya moto tena. Ilimtiririkia shingoni, na hakuipangusa.

— Jeneza la baba yako nilibeba upande wa mbele, alisema Mkavu. Sauti yake ilikuwa ya chini. Nilikuita mdogo wangu mbele ya watu. Jana tumesimama darajani wote, umesimama kando yangu, ukaniacha niangalie mstari wako.

— Ndiyo, kaka.

— Usiniite kaka.

Mama Yeon-ju alikuwa akilia kwa hasira. Alimuuliza kama alifikiria hata mara moja kwamba yeye anamlea mama mkwe wa miaka tisini asiyetoka kitandani. Gil-seop alisema alifikiria. Hilo likawa baya kuliko kama angesema hakufikiria. Redio alirudi kukaa. Nadharia zake zote zilikuwa zimekufa kwa makopo mawili ya rangi, na alionekana kama mtu aliyefiwa.

Hawakwenda kwa mzee Eom. Walishuka mtoni. Gil-seop alitangulia, na nyuma yake watu waliongezeka nyumba hadi nyumba mpaka wakawa kama arobaini. Aliingia majini na jembe dogo la barafu, akakwangua ukuta. Kijivu kilibanduka kama ganda la yai, na mstari wa zamani ukatokea, juu kabisa, mkavu, shubiri mbili kutoka kwenye maji. Gil-seop alitoa ufunguo mfukoni, akafungua kibanda cha pampu, akabonyeza kitufe. Baada ya muda mfupi, mlimani, mizinga ilianza kukohoa mmoja baada ya mwingine, ikanyamaza.

Meneja Pyo aliwasili na gari dogo la kazi akiwa hajafunga koti. Hakumtazama Gil-seop. Aliwaambia watu kwamba Jumamosi wanakuja wanafunzi mia tatu, kwamba ukipita usiku mmoja tu wa baridi bila mizinga mteremko hautafunguka, na mteremko usipofunguka kampuni haina sababu ya kuweka wafanyakazi.

— Humu mna wake zenu wanaofua mashuka kule juu, alisema. Mna watoto wenu wanaoendesha viti vya waya vya kupandisha wageni. Mnazima pampu ya nani?

Mkavu alimpita kando. Aliingia kibandani, akakaa kwenye kizingiti, akanyoosha miguu. Alikaa hapo mpaka jioni, na watu wakapokezana naye siku tatu, hadi afisa wa maji wa wilaya alipokuja, akapima, akaweka lakiri mlangoni. Siku ya pili maji yalirudi mabombani, kwanza ya kutu, kisha meupe. Mama Yeon-ju alimwogesha mama mkwe wake mchana kutwa.

Jumamosi wanafunzi hawakuja. Wiki iliyofuata ikanyesha mvua tena, utepe mweupe ukakatika vipande, na tarehe ishirini na nne kampuni ikabandika tangazo kwamba mteremko umefungwa mpaka msimu ujao, kama msimu ujao utakuwepo. Watu thelathini na mmoja wa Solgogae walirudishwa nyumbani. Gil-seop alikuwa ameachishwa siku ileile ya pampu, kwa ujumbe wa simu wenye mistari miwili.

Benchi likagawanyika. Waliopoteza kazi walisema Gil-seop angenyamaza siku tano tu, basi. Wenye wagonjwa na ng'ombe walisema angesema siku ya kwanza. Wote walimkasirikia, kila mmoja kwa sababu iliyopingana na ya mwenzake. Mama Yeon-ju alizifungasha suruali za kukodisha kwenye magunia na kupanga magunia hayo mlangoni, ili kila anayeingia ayaruke. Redio alipona na kuleta nadharia mpya: kampuni ilishataka kufunga tangu mvua ya Desemba, ikatafuta wa kumsingizia. Hii haikuwa ya kijinga, na kwa kuwa haikuwa ya kijinga hakuna aliyetaka kuisikia. Mkavu alifika kila asubuhi, akanywa kahawa yake amesimama, mgongo ameupa mwisho wa benchi. Alichokuwa anasema kuhusu Gil-seop alikisema kwa watu wengine, Gil-seop akiwa palepale.

— Mwulizeni kama ana rangi imebaki, atupakie na sisi.

Gil-seop hakuacha kwenda. Nyumbani mkewe alikuwa ameacha kumsemesha kwa sababu ya mashuka aliyokuwa akiyafua kule juu, na kijiweni angalau walimtukana.

Mwanzoni mwa Machi upepo uligeuka ukaanza kuvuma kutoka bahari ya mashariki. Theluji ilianza asubuhi ya Jumanne, ikaendelea siku mbili bila kupumzika, theluji nzito yenye maji, ya kuvunja matawi. Ilipokoma ilikuwa imefika kifuani. Vibanda vya plastiki vya miche viwili vililala chini. Vichanja vya Mkavu vilivyokuwa vitupu vilianguka safu nzima. Barabara ilifungwa, umeme ukakatika nusu ya kijiji, na kutoka kwenye kipaza sauti cha kijiji mzee Eom aliomba kila mwenye mikono atoke na beleshi.

Walianza na mbele ya duka, maana ndipo njia ya kila mtu. Walichimba bila kuzungumza. Halafu walizungumza, na yote yalikuwa matusi. Redio aliilaani theluji kwa kuchelewa, kisha akailaani kwa kuja. Mama Yeon-ju alisema ingekuja mwezi na nusu mapema angekuwa amekodisha suruali zote na hata kinga za kiuno za wanaojifunza skii. Mmoja wa walioachishwa kazi alitema mate akasema mteremko huko juu sasa hivi una theluji ya kuwatosha wageni mpaka Aprili, na hakuna hata mtu wa kuwasha kiti kimoja cha waya. Mkavu aliipiga theluji kwa beleshi kana kwamba inamdai. Gil-seop alichimba upande wa benchi. Alijua uzito wa theluji kwa mkono, na hiyo ilikuwa nzuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza, na kwa hilo aliichukia.

Gu Mi-ran alikuwa kati yao, uso mwekundu kwa kazi. Majira yake ya kwanza ya baridi mlimani. Alisimama kidogo, akaegemea beleshi, akautazama mlima, kisha akawatazama wao. Hakuwa na dhihaka. Alikuwa anataka kujua, kama abiria anavyotaka kujua kituo.

— Samahanini, alisema. Kwani hii siyo ile theluji mliyokuwa mnaigombania?

Mabeleshi yalisimama. Mama Yeon-ju alimtazama Redio, kwa mazoea, kwa kuwa Redio huwa na jibu la kila kitu. Redio alijitia kukung'uta beleshi lake. Mkavu aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu Januari alimtazama Gil-seop moja kwa moja, muda mrefu, kama anayesubiri mtaalamu aseme. Gil-seop alikuwa mtaalamu. Aliinama, akaendelea kukwangua theluji kwenye mguu wa benchi.

— Ingieni ndani kwanza, Mama Yeon-ju alisema hatimaye. Kahawa ni pakiti nne zimebaki, na lori la bidhaa halipandi.

Walikuwa kumi na mmoja. Hakuna aliyeingia. Mkavu alirudi kwenye beleshi lake, akaanza kuchimba, na safari hii alichimba kuelekea upande wa benchi.